Mwenyeheri Irene Stefani, sista aliyewaandikia watu barua



Leo nataka tumkumbuke Mwenyeheri Irene Stefani, ambaye Kanisa linamwadhimisha tarehe 31 Oktoba. Lakini kabla sijafika kwake inabidi nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingemsoma kwa makini.

Nilikuwa nyumbani Kiomboi likizo, nimemaliza falsafa, nasubiri kuanza teolojia. Mnajua frateri akiwa likizo: Jumapili anatumwa vigangoni kusaidia ibada, katikati ya wiki anaitwa kwenye semina. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, bibi mmoja akanifuata chini ya mti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akafungua pindo la khanga na kutoa kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Pamoja nacho kulikuwa na kipande cha karatasi. Mwanae yuko Dar es Salaam, anauza nguo Kariakoo, amebadilisha namba. Mtu fulani alimletea bibi ile namba mpya kwenye karatasi, lakini yeye hajui kusoma. Akaniomba nimpigie, na asipopatikana nimwandikie ujumbe.

Nikamwambia, bibi, leo nina haraka kidogo, Jumapili ijayo nitawahi tufanye kwa nafasi. Akasema haya, mjukuu wangu. Haraka yenyewe ilikuwa hii: nilikuwa nawahi kwenda kuandaa mada ya semina ya vijana wa VIWAWA. Mada niliyopewa ilikuwa upendo kwa jirani.

Jumapili iliyofuata nikapangiwa kigango kingine. Ile ya baada yake mvua ikanyesha, bodaboda hazipiti. Niliporudi pale ilikuwa wiki ya nne. Bibi nikamwona, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za wazazi, akaenda zake. Hakuniomba tena. Angenilalamikia ningepata pa kujitetea. Yeye alikuwa ameshanitoa tu kwenye hesabu ya watu wa kumsaidia.

Usiku ule nilikuwa na kitabu kidogo cha kuazima kuhusu watakatifu na wenyeheri wa Afrika. Nikafungua, nikakutana na sista wa Kiitaliano ambaye watu walimwita katibu wa maskini, kwa sababu aliwaandikia barua. Nikafunga kitabu. Baadaye nikakifungua tena.

Msichana wa Anfo

Sista Irene alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 huko Anfo, kijiji kidogo kando ya ziwa Idro, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Jina lake la ubatizo lilikuwa refu kidogo, lakini nyumbani walimwita Mercede. Alikuwa mtoto wa tano kati ya kumi na wawili. Wenye familia kubwa hapa mnajua maana yake: mtoto wa katikati anajifunza mapema kupisha wengine na kufua nguo zisizo zake.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana. Mercede akabeba malezi ya wadogo zake. Pamoja na kazi hiyo alifundisha watoto katekisimu parokiani, na alikuwa na mazoea ya kuwatembelea wagonjwa na maskini wa kijijini. Kwa hiyo alipofika Afrika kazi hiyo haikuwa ngeni kwake. Alikuwa ameianza nyumbani, kwa majirani aliowajua kwa majina.

Mwaka 1911 aliondoka nyumbani akaenda Torino kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa na Padre Giuseppe Allamano. Huyu ndiye Mtakatifu Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Fransisko tarehe 20 Oktoba 2024. Aliwafundisha watoto wake wa kiroho kwamba jema lifanywe vizuri na pasipo kelele. Mercede akapewa jina la Irene, jina la Kigiriki lenye maana ya amani. Akaweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huo huo akapanda meli kuja Kenya. Alikuwa na miaka 23.

Angalieni mwaka huo, 1914. Sista mwenye jina la amani alisafiri kuja Afrika Mashariki wakati Vita Kuu ya Kwanza imeshaanza.

Vita ya wapagazi

Hapa lazima nisimame kidogo, maana historia hii ni yetu na wengi wetu tunaipita haraka. Wajerumani walikuwa watawala wa nchi yetu, Waingereza wako Kenya, nao wakaanza kupigana kwenye ardhi yetu. Sisi wa Iramba tuna ukumbusho wa vita ile chini ya miguu yetu: dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika kutengenezea sarafu ambazo Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamebanwa na fedha zimewaishia. Kila tunaposhuka mlima Sekenke kwa basi tunapita karibu na mahali ilipochimbwa.

Lakini kitu kilichotumika kuliko dhahabu ni watu. Barabara hazikuwepo, reli zilikuwa chache, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na ndorobo. Chakula, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilikwenda kichwani na mabegani mwa wapagazi. Waliandikishwa kwa nguvu kutoka vijijini, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa.

Waingereza waliwaweka wapagazi wao kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wakaweka kambi ya wapagazi hao nje kidogo ya mji wa wakati ule. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hii hii tunayokwenda kununua viatu na simu. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina hilo hilo, kwa sababu hiyo hiyo. Nakiri kwamba nilifika utu uzima nikiitaja Kariakoo bila kujua kwamba nataja jina la watu waliokufa wamebeba mizigo ya wengine.

Sista Irene aliingia humo. Alifika Kenya mwanzoni mwa 1915, na kuanzia 1916 yeye na masista wenzake wakaombwa kwenda kuuguza kwenye hospitali za wapagazi. Alianzia Voi. Kisha akaletwa upande wetu: Kilwa Kivinje, Lindi, na Dar es Salaam.

Tukisikia neno hospitali tusifikirie vitanda vyenye shuka nyeupe. Ni mabanda yaliyojaa watu kuliko uwezo wake, dawa haba, harufu ya vidonda na kuhara, na kila asubuhi maiti za kutolewa. Wagonjwa walitoka makabila mengi, wengine hawaelewani hata lugha. Kwenye daftari la jeshi mpagazi alikuwa namba tu. Irene aliosha vidonda, alilisha wasioweza kushika kijiko, na akawauliza majina yao. Jioni aliwazungukia tena. Waliotaka kusikia habari za Mungu aliwafundisha, na wengi waliomba ubatizo kabla ya kufa.

Kuna tukio moja la Kilwa ambalo limesimuliwa sana. Alikuwa na mgonjwa aliyekuwa akimfundisha. Siku moja akafika kitandani pake, kitanda kitupu. Akaambiwa yule amekufa, ameshapelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine, mahali walipolazwa kusubiri maji ya bahari kujaa na kuwachukua. Irene hakuridhika. Akaenda ufukweni, akaanza kutafuta katikati ya maiti, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamwona mtu wake. Alikuwa angali anapumua. Akaomba msaada, akarudishwa hospitali, na akabatizwa.

Nimejaribu mara nyingi kujiweka kwenye tukio hilo. Nisingekuwa yule aliyembeba mgonjwa kumpeleka ufukweni, hapana. Mimi ningekuwa yule anayekuta kitanda kitupu, anasikitika, anasali Baba Yetu moja, halafu anaendelea na mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Na hakuna ambaye angenilaumu.

Swali tunaloulizana vijana

Najua baadhi yenu mna swali, maana hata sisi seminarini tunaulizana: huyu si mzungu aliyekuja wakati wa ukoloni, akafanya kazi kwenye hospitali ya jeshi la wakoloni? Ndiyo. Swali ni la haki, na sioni faida ya kulifunika. Wale wapagazi hawakuchagua kwenda vitani. Walichukuliwa kwa sababu ya ugomvi wa wafalme wa mbali, na sista mmoja kufunga vidonda hakukuufanya ugomvi ule uwe wa haki. Kumheshimu Irene hakutudai tusahau hilo.

Lakini tukitazama kwa utulivu tunaona upande aliokaa. Kambini kulikuwa na watu wa ngazi nyingi, na wa chini kabisa walikuwa wapagazi. Irene alikaa kwa hao wa chini. Mahali ambapo utaratibu mzima ulimfanya Mwafrika kuwa chombo cha kubebea, yeye alikwenda kumtafuta mtu mmoja kati ya maiti kwa sababu alimjua. Kama unataka kujua Mathayo sura ya 25 inafananaje ikifanywa na mtu wa nyama na damu, naona inafanana na hilo.

Viatu vya Gikondi

Vita ilipokwisha Irene alirudi Kenya, na mwaka 1920 akapelekwa misioni ya Gikondi, katika nchi ya Wakikuyu, upande wa Nyeri. Alikaa huko miaka kumi, mpaka kifo chake.

Miaka hii kumi haina matukio makubwa ya kusimulia kama Kilwa, na ndiyo iliyonigusa zaidi. Alifundisha shuleni. Alifundisha katekisimu. Masomo yakiisha, alivaa viatu vyake vikubwa, buti nzito zilizochoka, akashika njia. Nchi ile ni ya vilima na mabonde. Unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa, kuwasaidia wanawake waliokuwa wanajifungua, kuzungumza na wazee ambao hawakuwa na haraka ya kumwamini mgeni. Jua lilimkuta njiani, mvua nayo ilimkuta njiani. Zile buti zimekuwa kama alama yake, kama vile funguo zilivyo alama ya Mtakatifu Petro.

Halafu barua. Miaka ile vijana wengi wa Kikuyu walikuwa wameanza kuondoka kwenda Nairobi, Mombasa na kwingineko kutafuta mshahara. Nyumbani walibaki wazazi wasiojua kusoma wala kuandika. Mama akitaka kumwuliza mwanae kama mzima, au kumwambia kwamba baba anaumwa, anafanyaje? Anakwenda kwa Sista. Irene alikaa akasikiliza, akaandika. Jibu likija, alimsomea. Na wale vijana walioko mbali, hasa waliopita mikononi mwake shuleni, aliendelea kuwaandikia yeye mwenyewe, kuwatia moyo wasipotee kwenye miji ya watu.

Wakikuyu wakampa jina, Nyaatha, yaani mama wa huruma, mtu ambaye huruma ndiyo desturi yake. Hakujipa mwenyewe, na hakupewa na askofu. Alipewa na watu waliokuwa wanamwona kila siku, wakati wa furaha na wakati amechoka. Kwetu pia mtu hapewi jina kama hilo kwa siku moja. Watu wanakutazama kwanza.

Oktoba 1930

Mwezi Septemba 1930 Irene alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho. Huko akamwomba mkuu wake ruhusa ya kuyatoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya misioni. Kisha akarudi Gikondi, akaendelea na kazi kama kawaida.

Oktoba ugonjwa wa tauni ukaingia. Mmoja wa waliougua alikuwa mwalimu wa hapo hapo, mtu ambaye hawakuwa wamepatana vizuri; alikuwa amempinga Irene katika mambo ya shule. Irene alijua tauni inavyoambukiza. Alikwenda. Akamhudumia kwa mikono yake, akakaa naye karibu hadi mwisho, na mwalimu yule akafa akiwa amemshika. Siku chache baadaye Irene mwenyewe akaanza kuumwa. Tarehe 31 Oktoba 1930 akafariki. Alikuwa na miaka 39.

Watu wa Gikondi walikuwa na maelezo yao. Walisema Nyaatha hakuuawa na tauni, aliuawa na upendo.

Ninyi mliosoma falsafa mtakumbuka somo la fadhila. Aristotle na baada yake Mtakatifu Thomas wa Akwino wanatufundisha kwamba fadhila ni tabia inayojengwa kwa kurudiarudia. Mtu hawi jasiri siku ya hatari. Siku ya hatari inaonyesha tu alivyokuwa anafanya mazoezi. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini sikulielewa mpaka nilipomsoma Irene. Yule aliyekwenda kwa mwalimu mwenye tauni, tena mwalimu aliyempinga, alikuwa ameshakwenda mara maelfu kwenye nyumba zisizo na hatari yoyote, kwa ajili ya kidonda kidogo au barua ya kurasa mbili. Oktoba 1930 miguu ilikuwa inaijua njia.

Na hapo ndipo nilipomwona bibi wa kitochi tena. Maana kama kwenda ni zoezi, basi kuahirisha nako ni zoezi. Wiki nne zile mimi pia nilikuwa najijenga tabia.

Maji ya Nipepe

Watu hawakumsahau. Miaka mingi baada ya kifo chake, Januari 1989, Msumbiji ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Huko Nipepe, mkoa wa Niassa, kaskazini mwa nchi, makatekista na familia zao walikuwa wamekusanyika, na mapigano yakawafungia kanisani. Walikuwa zaidi ya watu mia mbili, watoto wamo, hakuna chakula cha maana, nje kuna risasi. Maji yaliyokuwepo yalikuwa yale ya kisima cha ubatizo, gogo la mti lililochongwa, maji kidogo tu. Wakamwomba Sista Irene awaombee. Kwa siku nne wakanywa maji yale, wakawapa watoto, hata mtoto aliyezaliwa humo ndani akaoshwa kwa maji hayo. Hayakuisha. Yule mtoto akaitwa Irene.

Kanisa lilichunguza tukio hilo kwa miaka, likalikubali kuwa ni muujiza. Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Sista Irene akatangazwa Mwenyeheri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Aliyeongoza kwa niaba ya Papa Fransisko alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Nikifikiria hilo nafurahi: askofu wa mji ule ambao Irene aliwauguza wapagazi ndiye aliyekwenda kumtangaza.

Utagundua muujiza wenyewe umefanana naye. Hakuna moto kutoka mbinguni. Kuna watu wenye kiu, na maji ya kunywa hayaishi.

Jumatatu ya bibi

Sasa nimalizie deni langu. Kesho yake, Jumatatu, sikusubiri Jumapili. Nikaazima baiskeli nikaenda kigangoni, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Alishangaa kidogo kuniona. Nikamwomba radhi, na sikuongeza sababu, ingawa nilikuwa nazo tatu tayari. Akacheka tu, akaniambia nikae, akaenda kutafuta ile karatasi. Ilikuwa bado ipo, imekunjwa ndani ya kopo la sukari.

Nikaipiga namba kwa simu yangu. Ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma yake nikasikia kelele za Kariakoo: honi, watu wanaita wateja, muziki wa spika. Nikampa bibi simu. Akaishika mbali na sikio kidogo, akapaza sauti kama vile anaita mtu ng'ambo ya bonde.

Waliongea Kinyiramba, dakika kumi na kitu. Walichoongea ni mambo ya kawaida kabisa: mbuzi amezaa mapacha, mvua ni za wasiwasi, kuna ndugu amefiwa, je unakula? Alipomaliza akanirudishia simu, akafuta kioo kwanza kwa khanga yake. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikakaa nikala.

Tangu siku hiyo nimeandika ile namba kwa herufi kubwa kwenye daftari langu, na nimemfundisha mjukuu wake wa darasa la nne jinsi ya kumpigia mjomba wake. Nilipoondoka kurudi seminarini, huyo ndiye katibu wa nyumba ile.

Vijana wenzangu, sina ushauri mrefu. Wengi wetu hatutaitwa Kilwa katikati ya maiti, na Mungu atuepushe na tauni. Lakini kila mmoja ana mtu aliyemwambia nitakuja kesho: bibi, mdogo wako, mwanajumuiya mgonjwa, rafiki ambaye ujumbe wake umeusoma na hujaujibu. Kabla hujafunga simu yako leo, mtafute huyo mmoja. Na kama ameshaacha kukuomba, huyo ndiye wa kwanza.

Tusali.

Ee Mungu Baba yetu, ulimpa Mwenyeheri Irene miguu isiyochoka kuwafuata wadogo na moyo usiopita kitanda kitupu bila kuuliza. Utupe na sisi neema ya kwenda leo. Wakumbuke wapagazi wote waliokufa katika nchi yetu bila majina yao kuandikwa, uwapokee kwako. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha, utuombee.